Mara Ngapi Amekukatalia?

Vijana wangu mnaoingia kwenye upelelezi, mimi sasa ni mstaafu. Goti la kushoto limeanza kunigomea, na asubuhi mnanikuta barazani kwangu hapa Ujiji nikipima mawese kwenye chupa. Wengi wenu mkipita mnanisalimia, "Shikamoo afande," halafu mnauliza swali lile lile: ulikuwa unawafanyaje watu mpaka wakakwambia mambo yao? Mnataka niwape ujanja. Ninao mmoja au miwili, na nitawapa. Lakini kwanza nitawaeleza jinsi nilivyokaribia kumpeleka mtu asiye na kosa kwenye kitanzi, huku nimempa kiti kizuri, chai ya maziwa na tabasamu.

Nilipoanza kazi, kuhoji mtu kulikuwa ni kupiga meza. Kila mpelelezi alikuwa na mtindo wake wa kuipiga. Mmoja alitumia rula, mwingine kiganja, na yupo aliyekuwa akiivunja miguu kila mwaka. Aliyenifundisha mimi hakuipiga. Huyo alikuwa Sajenti Gwasa, Muha wa Kasulu, mwembamba kama ufito, mwenye sauti ambayo lazima umsogelee ndipo umsikie. Akiletewa mtu, anamwamkia kwa lugha ya kwao, anatafuta kiti chenye kimo sawa na cha yule mtu, anakaa, na kalamu inabaki mfukoni. Anamwacha aeleze yote mara ya kwanza bila kuandika neno. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kalamu ikitoka mapema, mtu anaongea na kalamu. Wewe humo."

Nilimwiga, na kwanza nilimwiga vibaya. Nilidhani siri yake ni maongezi. Basi siku moja nikaenda kumhoji fundi cherehani mmoja mzee hapa hapa Ujiji, ambaye duka lake lilikuwa limepokea vitambaa vya wizi. Nikajivuta karibu, nikamwamkia, nikamuuliza habari za wajukuu. Tukaongea saa nzima na nusu. Nilipotoka nje nikifurahi jinsi tulivyozoeana, niligundua kwamba yule mzee anajua nimeachika, anajua sababu, anajua mama yangu mzazi alisema nini siku ile, na ameshanipa ushauri juu ya mwanamume wa pili. Mimi juu ya vitambaa sijui lolote. Gwasa alicheka mpaka akashika ukuta. "Umehojiwa, binti," akasema. "Maelezo yako anayo yeye."

Nawaambia hilo mcheke, kwa sababu mbele hakuna cha kuchekesha.

Miaka mingi baadaye, simu za mkononi zikiwa zimeshafika kila mwalo wa wavuvi, nikiwa Koplo, alikuja mkufunzi kutoka Dar es Salaam kutufundisha kuhoji kisasa. Alikuwa kijana mpole, msomi, na mengi aliyosema yalikuwa kweli. Alisema kumtisha mtu hakukupi ukweli. Alisema kati ya anayehoji na anayehojiwa lazima kuwe na kitu fulani, na akatuomba tukipe jina. Mmoja akasema ni urafiki. Mwingine akasema mazoea. Mimi nikasema ukaribu. Mkufunzi akaandika ubaoni MAELEWANO, akapiga mstari chini yake. Gwasa, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, alinyoosha mkono akauliza, "Ya nani na nani?" Watu wakadhani mzee amesinzia, hajafuata somo.

Kisha tukapewa fomu ya kupima hayo maelewano. Vipengele vitano, kila kimoja alama tano. Je, anayehojiwa anakutazama? Anaitikia kwa kichwa? Anatabasamu? Anajibu bila kusita? Amekaa kwa utulivu? Unajumlisha, unapata alama juu ya ishirini na tano. Nilifurahi sana. Kwa mara ya kwanza kazi yangu ilikuwa na kipimo kama mizani ya sokoni.

Haukupita muda mrefu, Issa akafa.

Issa alikuwa mwendesha injini wa boti ya uvuvi pale Ilagala, kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Jumatatu jioni alitoka peke yake kuihamishia boti ya tajiri wake mwalo wa jirani, hakufika. Jumatano mwili wake ulionekana umenasa kwenye matete karibu na mdomo wa mto Malagarasi, na kisogo kimepasuliwa na kitu kizito. Boti ilikutwa ikielea yenyewe. Injini haikuwepo. Mwaka ule injini zilikuwa zimeibwa nyingi ziwani, lakini hakuwa ameuawa mtu. Watu wa mwambao wote wakaingiwa na hofu. Wavuvi walianza kutoka kwa makundi, na wake zao walisimama mchangani asubuhi wakihesabu boti zinazorudi.

Ijumaa, mjane wa Issa alipiga kelele katikati ya njia. Alikuwa ameona mtu amevaa koti la mvua la mumewe, la njano, lenye kiraka chekundu begani alichokishona yeye mwenyewe. Aliyevaa alikuwa Nestori, kijana wa familia ya Kirundi iliyokaa pale miaka mingi, kibarua wa kupasua kuni. Watu walimkamata, wakampiga, na mwenyekiti wa kitongoji akawahi kumnyang'anya mikononi mwao na kumleta kituoni.

Jumamosi asubuhi nikapewa nimhoji.

Nilimpa kiti. Nikamnunulia chai. Nikamwamkia kwa Kirundi, "Amahoro," naye akaitika. Nikamwonya kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema, na atakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani. Akasema, "Ndiyo afande." Alinitazama usoni muda wote. Alitabasamu, ingawa mdomo ulikuwa umevimba. Aliitikia kwa kichwa kabla sijamaliza sentensi.

Mwanzoni alisema, "Koti nimeokota."

Nikasema, "Uliokota kwenye boti?"

Akanitazama. "Ndiyo afande."

"Boti ya Issa."

"Ndiyo afande."

"Issa mwenyewe alikuwemo?"

"Ndiyo afande."

Mnaona? Kila nilichokiandika kwenye yale maelezo nilikileta mimi. Yeye alitia "ndiyo" tu. Lakini siku ile sikuona. Niliona mtu anayefunguka. Kwa muda wa saa moja tulikuwa na boti, ugomvi, pigo la nanga, injini iliyouzwa kwa watu asiowajua. Akaweka dole gumba. Nikajaza fomu ya mkufunzi: ishirini na tatu juu ya ishirini na tano. Sijawahi kupata alama kama hizo. Nikampigia simu mwenyekiti wa kitongoji nikamwambia mtu wenu amekiri. Kumbukeni hiyo simu. Hakuna aliyeniagiza kuipiga. Nilitaka tu kusikia mtu akinisifu.

Gwasa alisoma maelezo akiwa amesimama mlangoni. Akasoma mara mbili. Kisha akauliza, "Mara ngapi amekukatalia?"

"Hajanikatalia hata mara moja," nikasema kwa majivuno.

"Hata saa? Hata rangi ya kitu? Hata jina la mtu hukulikosea akakusahihisha?"

"Hapana."

Akanirudishia karatasi. "Mtu akieleza jambo lililomtokea kweli, huwezi kulisema vizuri mara ya kwanza. Utakosea mahali, naye atakwambia siyo hivyo. Huyu hakukwambia. Basi wewe hujamhoji, umemsomea."

Nikabisha, nikamwonyesha fomu. Hakuitazama. Akasema, "Rudi ndani, ukosee jambo makusudi."

Nikarudi. Nestori alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani. Nikatafuta kitu ambacho hakikuwepo kabisa. Nikamwambia, "Nestori, yule mbwa wa Issa alikuwa ndani ya boti, sivyo?"

Issa hakuwa na mbwa.

"Ndiyo afande."

"Ulimfanya nini?"

Akafikiri. Niliona macho yake yakinitafuta usoni ajue ninataka jibu gani. Kisha akasema polepole, "Nilimtupa majini."

Vijana wangu, nimeona maiti nyingi katika kazi hii. Nimewahi kunyooshewa panga. Hakuna kilichonitisha kama sentensi ile. Nilitoka nikaenda nyuma ya kituo nikatapika chai.

Niliporudi, palikuwa na mwanamke kwenye benchi la mbele, ana watoto wawili na sufuria moja. Huyo alikuwa Daforoza, mke wa Nestori. Hakunitazama. Alikuwa akimweleza askari wa zamu, kwa sauti isiyo na machozi, "Wamebomoa nyumba. Kuku wamechukua. Wamesema polisi wenyewe wamepiga simu kwamba ni yeye." Yule askari akanigeukia, hajui kwamba aliyepiga ni mimi. Mimi sikusema kitu. Nilipita nikaingia kwa mkuu wangu. Kunyamaza kule mpaka leo kunaniamsha.

Mkuu wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekuwa akipigiwa simu na wakubwa tangu Jumatano. Nilipomweleza juu ya mbwa, alivua miwani. "Kwa hiyo unaniambia maelezo uliyoandika wewe, ukasaini wewe, ni ya uongo?"

"Ninasema siyo yake, afande. Ni yangu."

"Unajua hilo likienda kwenye maandishi, anayefuata kuhojiwa ni wewe?"

Nilijua. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na kazi moja tu duniani.

"Jumatatu anapandishwa kizimbani," akasema. "Ukileta kitu kabla ya hapo, nitakipokea. Usipoleta, hicho ndicho kilichomo kwenye jalada."

Gwasa aliniingiza tena kwa Nestori, safari hii yeye ndiye aliyezungumza, kwa Kiha, ambacho kinasikilizana na Kirundi. Alimwambia maneno mawili matatu, halafu akakaa kimya. Kimya kirefu kabisa. Mimi nilitamani kukijaza, Gwasa akanikanyaga mguu. Nadhani zilipita dakika kumi. Nestori aliacha kutabasamu. Uso wake ulipoacha kutabasamu ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, mtu mzima, aliyechoka.

"Kuni," akasema. "Napasua kuni kwa Mama Bukuru. Koti lilikuwa kwenye kuni. Chini kabisa, limeloa."

Kwa fomu ile, mazungumzo hayo yasingepata alama tatu.

Jumapili asubuhi tulikwenda Ilagala, Gwasa na mimi, bila sare. Nilivaa kitenge, nikajifunga kilemba, nikabeba kapu. Gwasa akabaki kwenye kibanda cha chai, mimi nikaenda peke yangu kwa Mama Bukuru, mjane wa makamo aliyekuwa akibanika migebuka kwenye majiko ya udongo karibu na maji. Bukuru na Butoyi ni wanawe mapacha, walikuwa wameolewa mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakugeuka. Alikuwa akigeuza samaki mmoja mmoja, mgongo wake kwangu.

Nikamweleza kwa sauti ya chini mimi ni nani. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Nikamweleza kuhusu Nestori. Nikamweleza kuhusu Daforoza na sufuria; yeye akageuza samaki mwingine. Moshi uliniingia machoni nikawa nalia bila kutaka.

"Nyie watu wa polisi mnapenda kuongea," akasema hatimaye. "Kaa kule kwenye upepo, usinifie hapa."

Nikasogea. Nikajilazimisha kunyamaza kama Gwasa. Na hapo ndipo mtu akaingia.

Alikuwa mwanamume mrefu, nadhifu, mwenye sauti laini. Kila mtu pale alimwita Kapteni, maana alikuwa na boti tatu na ndiye aliyekuwa akimpa Mama Bukuru samaki wa kubanika. Nilimjua kwa sura. Alhamisi, kwenye mazishi ya Issa, yeye ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele.

"Habari za moshi, Mama Bukuru? Naona una mgeni."

Kabla sijajibu, Mama Bukuru, bila kugeuka, akasema, "Mteja huyo. Katoka Simbo, anataka migebuka ya msiba."

"Pole, mama," Kapteni akaniambia. "Ni nani aliyewatoka?"

"Shemeji yangu," nikasema.

Akaokota mgebuka mmoja, akaugeuza, akaurudisha. Kisha macho yake yakashuka polepole, yakapita kitenge, yakatua miguuni kwangu. Yakakaa hapo.

Nilikuwa nimebadilisha nguo zote. Viatu nilikuwa nimesahau. Nilivaa viatu vyangu vyeusi vya kazi, vya kamba, nimevipiga rangi Ijumaa.

"Haya," akasema akitabasamu. "Msiba mwema." Akaondoka akitembea taratibu, bila kugeuka nyuma.

Mama Bukuru akaketi kwenye kigogo. Sasa alinitazama kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa na hasira, siyo upole. "Ameviona viatu vyako."

"Ameviona."

"Umeniua, wewe mama."

Nikasema, "Nisamehe." Akapangusa mikono kwenye kanga.

Nilishaelewa anamwogopa nani, nikajaribu kumsaidia aanze. "Kapteni alikuja hapa Jumatano, koti likiwa limeloa..."

"Si Jumatano!" akanikatiza kwa ukali. "Jumatano Issa ameshaonekana, wote tulikuwa kule kwenye kilio. Ni Jumanne, alfajiri, ndiyo nawasha jiko la kwanza. Na koti hakulivaa. Alikuwa amelikunja, amelibana kwapani."

"Akalitupa motoni?"

"Angelitupa motoni lingenuka mwalo mzima. Unadhani ni mjinga? Alilisukuma chini ya kuni akasema atalirudia. Nami nikanyamaza. Kesho yake yule kijana akaja kupasua kuni, nilikuwa msibani, akaliona."

Alinikatalia mara tisa. Nilikuja kuzihesabu baadaye. Alinisahihisha siku, njia, idadi ya watu, rangi ya turubai walilobeba. Kilichokuwa ndani ya turubai hakukiona chote, aliona panga la injini, lile linalozunguka majini, limechomoza, na alimwona Kapteni akikibeba na nduguye kwenda kwenye ghala lake la dagaa. Kabla ya kuondoka alimwambia Mama Bukuru, "Wewe hukuniona." Ndipo akaenda zake, na Alhamisi akabeba jeneza.

Nilipomaliza nilimwambia twende mjini mara moja. Akakataa. "Samaki wako motoni." Nikamsihi. Akasema akiondoka sasa hivi kila mtu atajua, akibaki huenda watajiuliza. Basi tukabaki. Nilimpigia Gwasa, Gwasa akampigia mkuu, gari likatoka. Gwasa akaja, akavua shati, akachukua shoka, akaanza kupasua kuni kama kibarua. Kwa muda wa saa tatu tulikaa hivyo mchana kweupe, mimi nikigeuza samaki na vidole vimeungua, na vijana wa Kapteni wakipita, wanatazama, wanarudi, wanapita tena. Mmoja alisimama karibu muda mrefu bila kununua wala kusalimia. Shoka la Gwasa halikupoteza mwendo. Sijawahi kuona mtu mzee akipasua kuni nyingi namna ile.

Injini ilikutwa chini ya magunia ya dagaa, na namba zake zilikuwa zile zile. Kapteni alikuwa ameshatoka kwa boti. Alikamatwa kesho yake akishuka kwenye mwalo wa Katonga, katikati ya wanunuzi.

Nestori aliachiwa baada ya wiki moja. Nilimsubiri nje nimwombe radhi, nikiwa nimejiandalia maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza kwa nini alikubali mambo yale yote, hata mbwa. Akaniambia kwamba utotoni, walipokuwa wakikimbia, walisimamishwa njiani na watu wenye bunduki wakapangwa mstari. Baba yake alisema oya, yaani hapana. Akatolewa kwenye mstari. "Tangu hapo hiyo neno mimi sina," akasema. Nilimnyooshea mkono. Aliutazama, akamshika mtoto wake, wakaondoka. Walihama Ilagala. Walipokwenda sikutafuta, kwa sababu niliona kutafutwa na mimi ni adhabu nyingine.

Mahakamani nilisimama nikaeleza jinsi nilivyoandika maelezo yale. Wakili wa Kapteni alinishika mchana kutwa. Niliulizwa kama mimi ni mwongo wa jana au wa leo. Nilivuliwa cheo kimoja, nikakaa miaka minne kwenye dawati la vitu vilivyopotea. Kapteni na nduguye walifungwa.

Sasa mnaniuliza nawezaje kupima hicho kitu ambacho mkufunzi alikiita maelewano. Yule mkufunzi alirudi mwaka uliofuata, nikamweleza yote, na nitamsifu mpaka nife, kwa sababu alitoa kalamu akakata fomu yake mwenyewe. Akaniuliza aweke nini badala yake. Nikamwambia ninavyofanya mimi: pembeni ya daftari naweka kistari kidogo kila mtu anaponikatalia au kunisahihisha. Ukurasa ukiisha bila kistari, nasimama, maana hapo ninaongea peke yangu. Wakati mwingine nakosea jina makusudi, nione kama atathubutu. Akasema, lakini hata mwongo hukataa. Ni kweli. Kistari hakikwambii mtu anasema kweli. Kinakwambia tu kwamba anaona anaweza kusema hapana mbele yako na akatoka mlangoni mzima. Ukweli unautafuta kwenye kuni, kwenye ghala, kwenye namba za injini. Tabasamu lisikudanganye. Mtu anayekuogopa sana hutabasamu vizuri kuliko anayekupenda.

Na badilisheni viatu.

Mama Bukuru hakuweza kuendelea Ilagala. Alihamishia majiko yake Katonga, penye watu wengi, akisema kwenye watu wengi ni vigumu kufa kimya kimya. Ndugu wengine wa Kapteni walikuwa nje, na mmoja alikuwa na boti inayoshusha pale pale. Nilianza kwenda kumwona kila Alhamisi. Nanunua samaki, namuuliza kama kuna aliyemtisha, naketi naye kwenye moshi. Aliniambia habari za mapacha wake, za mumewe, za ndoto zake mbaya. Nilidhani hapo sasa ndipo nimepata kile ambacho nilikitafuta miaka yote katika kazi hii.

Alhamisi moja alinifungia migebuka yangu kwenye gazeti, akanipa, hakuachia.

"Usije tena," akasema.

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea. Ukija, wanakumbuka. Usipokuja, mimi ni mwanamke wa samaki tu." Akaachia kifurushi. "Ukipita, usinisalimie."

Hiyo ilikuwa miaka mingi iliyopita. Yupo bado, amezeeka kuliko mimi. Nikienda Katonga nanunua samaki wangu kwa mwanamke wa jiko la tatu kutoka lake. Nasimama pale nikipatana bei kwa sauti kubwa kidogo, ili asikie kwamba niko hai, naye huwa anakohoa kwa sababu ya moshi, nami nasikia. Halafu nachukua kapu langu naondoka.